Pembe Isiyoacha Duara

Kitu cha kwanza alichokiona Teta kilikuwa buti. Kabla ya maiti, kabla ya umati uliojazana kwenye tuta la mfereji, aliziona buti za mume wa marehemu. Ya kushoto ilikuwa ya kijivu kwa vumbi la saruji, kama buti za kila mwanaume anayefanya kazi kiwandani huku Bugarama. Ya kulia ilikuwa imeoshwa hadi inang'aa.

Aliandika kwenye daftari: buti moja safi. Kisha akashuka penye maiti.

Teta Uwiringiyimana alikuwa mpelelezi wa wilaya kwa mwaka wa nne sasa, na kwa miaka yote minne wakubwa wake walimlalamikia jambo moja, kwamba sauti yake ni ndogo. Mashahidi walilazimika kuinama ili wamsikie. Asubuhi hiyo hakuna aliyeinama. Kila mtu alikuwa akipiga kelele.

Emerance alilala kifudifudi kwenye nyasi, kati ya mfereji na shamba la mpunga. Miaka ishirini na minne. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na Teta alipomfunua mdomo, ufizi nao ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Nguo hazikuwa na damu. Nyasi hazikuwa na damu. Lakini blauzi ilipopandishwa, mgongo ulikuwa na chale mpya kando ya makovu ya zamani. Mafungu sita, kila fungu chale tatu fupi, matatu upande huu wa uti wa mgongo na matatu upande ule.

"Unaona, afande?" Aliyesema hivyo ni Nyiramana, jirani wa marehemu, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya mto. "Hata tone haikubakia! Mukabera amemukunywa mpaka kwisha! Tulisema zamani, ule muzee si muntu. Batumbula haiko Kongo tu, hata huku iko!"

"Iko!" umati ukaitikia. Wengi wao walikuwa wamelelewa Uvira na Bukavu kabla ya kurudi Rwanda, na neno hilo, batumbula, watu wanaokamata wenzao kuwanyonya damu, walivuka nalo mto pamoja na masufuria yao.

"Na meno yake ile pale," Nyiramana akaongeza, akionyesha vifundo vya miguu ya maiti. "Angalia vizuri!"

Teta aliangalia. Kulikuwa na vidonda vidogo vinne, kila kimoja na ncha tatu. Akainuka, akamgeukia Nyiramana.

"Maman, inua kidogo kitenge chako. Miguu tu."

"Yangu? Ya nini?"

"Pandisha."

Nyiramana akapandisha. Vifundo vyake vilijaa vidonda vilevile vya ncha tatu, vingine vipya, vingine makovu.

"Basi na wewe amekunyonya," Teta akasema. "Mbona unapumua?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Ni ruba, Maman Nyiramana! Ruba ya mu mpunga! Sisi bote tuko nayo!"

"Ruba ni ruba," Nyiramana akajibu kwa ukali, akishusha kitenge. "Na zile chale? Ni ruba pia iko na wembe?"

Hilo lilikuwa swali, na Teta hakulidharau. Alichuchumaa tena. Midomo ya chale ilikuwa mikavu, haikuvimba, haikuwa na wekundu. Upande wa kushoto wa blauzi, chini kidogo ya mbavu, aliona ukoko wa kijivu, mgumu, wenye ukubwa wa kidole gumba. Akaukwangua kwa ncha ya kisu, akautia ndani ya bahasha. Gari la hospitali lilipofika, alimwambia dereva maneno matatu tu: "Mwambie daktari tumbo."

Mukabera alikuwa amefungiwa katika ofisi ya akagari, serikali ya mtaa. Hakukamatwa. Viongozi walimfungia ili asiuawe. Alfajiri, mara tu maiti ilipoonekana, watu walikwenda kwake, wakang'oa mabati ya paa, wakavunja pembe zake za kuumikia kwa mawe. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Tangu alipokuwa Uvira, kabla ya kurudi, kazi yake ilikuwa hiyo, kuwaumika watu wenye mgongo mzito, kichwa kisichopona, bega lililokaza kwa kupanda mpunga. Alichanja chale kwa wembe, akaweka pembe ya ng'ombe hapo, akaivuta hewa kwa mdomo kupitia tundu la nchani, akaliziba tundu kwa nta. Damu mbaya ikapanda ndani ya pembe. Wazee walimshukuru, na watoto waliochungulia dirishani waliona bibi ameweka mdomo kwenye pembe, na pembe ina damu, wakakimbia.

Ikiwa hadi jioni hakuna jina lingine, ofisi haingeweza kumlinda. Mlango wake ulikuwa wa mbao laini, na kwenye tuta kulikuwa na vijana wa kutosha.

Teta alianza na mume.

Nshimiyimana alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, mikono katikati ya magoti. Alikuwa mwanaume mrefu, macho mekundu. Nyumba ilishikana na ya Nyiramana, ukuta mmoja wa matope kati yao.

"Pole," Teta akasema.

"Asante, afande."

"Mara ya mwisho ulimwona mkeo saa ngapi?"

"Jana, saa tisa ya muchana. Aliniambia anaenda kwa Mukabera, mugongo inamuuma. Sikumuona tena."

"Na hukumtafuta?"

"Nilifikiri amelala kwa mama yake, ku Nzahaha. Alikuwa anafanyaka vile."

"Anafanya vile mara nyingi? Anakimbilia kwa mama yake?"

Nshimiyimana akainua kichwa. "Sikusema kukimbia."

"Kweli, hukusema." Teta akaandika. "Wewe umewahi kuumikwa na Mukabera?"

"Mimi? Hapana! Kwetu tunasali. Mwili yangu hainaga wembe ya mulozi."

"Lakini unajua anavyofanya."

"Nani hajue? Mama yangu aliumikwaga, na Emerance pia. Anakata tatu, anakata tatu, anakunywa. Pembe ni ya kudanganya bantu."

"Nichoree." Teta akampa daftari na kalamu. "Alama zinavyobaki."

Akachora bila kusita. Mistari mitatu mifupi, mistari mitatu mifupi, mafungu sita. Teta aliuchukua ukurasa, akaandika tarehe na saa, akamwambia aweke sahihi. Akaweka.

"Buti yako ya kulia umeiosha lini?"

"Buti?" Akaiangalia kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ilikanyaga matope."

"Ya kushoto haikukanyaga?"

Teta akafunga daftari.

Mtu wa pili aliyetajwa na umati alikuwa Mirindi. Nyiramana mwenyewe ndiye aliyemtaja, kwa pumzi ileile. Kama si bibi, basi ni yule mwanaume mwenye kisanduku anayewatoboa watu vidole. Mirindi alikuwa mjumbe wa afya wa kijiji. Aliwapima watu malaria uani kwake, na Teta alipofika alimkuta amekaa peke yake, kisanduku magotini, jiwe moja kubwa limelala katikati ya uwanja.

"Leo hakuna muntu amekuja," akasema. "Wamekuja mawe tu."

"Ulimpima Emerance?"

"Mara saba tangu mwaka uanze. Huku malaria haitokaki, afande, maji ya mpunga njo nyumba yake." Akafungua daftari lake lenye kurasa zilizokunjamana. "Mwezi jana bandama yake ilikuwa imevimba hivi." Akaweka kiganja chini ya mbavu zake za kushoto, akakishusha hadi karibu na kitovu. "Nilimutuma ku kituo cha afya. Wakamwambia, bandama ya hivi ni kama yai. Usibebe mizigo, usianguke, usipigwe."

"Usipigwe. Walisema hivyo?"

"Mimi njo nilisema. Nilikuwa nimeona mukono yake." Mirindi akakwepa macho. "Nikamuita bwana yake, nikamuambia hapahapa uani. Nikamuambia, papa, hata ngumi ndogo inaweza kumuua huyu."

"Akajibu nini?"

"Akaniuliza kama mimi ni pasta."

Kalamu ya Teta ilikuwa imetoboa karatasi. Akaigeuza, akaandika upande wa pili. "Ulimwambia nani mwingine kuhusu mkono?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Mirindi akaliangalia lile jiwe. "Mimi natoboa bantu vidole. Tayari walikuwa wananiita munywa damu. Ningesema hayo, nani angenisikia?"

"Mimi," Teta akasema, na mara hii hakuhitaji mtu ainame. "Mimi ningekusikia. Sasa utayasema mbele yao."

Katika ofisi ya akagari, Mukabera alikaa sakafuni ingawa kulikuwa na viti. Miguu yake ilikuwa imenyooka mbele, na kitenge chake kilikuwa na majivu. Nje mtu alirusha kitu ukutani. Bibi hakushtuka.

"Wewe njo wa serikali?"

"Ndiyo, Koko," Teta akamwita, kama watoto wa Bukavu wanavyowaita bibi zao. "Emerance alikuja kwako jana?"

"Alikuja. Saa tisa. Nikamukatalia."

"Kwa nini?"

"Damu yake ilikuwa kidogo. Niliangalia macho yake, nikasema, mwanangu, mimi natoa damu yenye kuzidi, siibi yenye kupunguka. Tangu wakati wa kiangazi sijamugusa na pembe. Nilimukanda mabega na mafuta tu. Akalia. Akarudi kupika." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilimurudisha. Hiyo njo ilinishinda. Nilimurudisha kwa ule muntu."

"Koko, wanasema wewe ni mnyonya damu."

"Bapumbafu!" Sauti ya bibi ilipasuka. "Hata kumujua munyonya damu hawamujue! Miaka hamsini nashika damu ya bantu, hakuna aliyeniuliza hata siku moja. Unataka kuwajua? Ruba anakunywa, akishiba anaanguka. Ule ana aibu. Mbu anakunywa na kukuachia ugonjwa, ule ni mwizi anayechoma nyumba akitoka. Popo wale wanaorushiwa mawe, wale hawakunywaki kitu, wanakula maembe yao, lakini kwa sababu wana sura mbaya, njo wanapigwa. Kama mimi. Chawa, kunguni, hao wanakaa mu nguo yako na mu kitanda yako, na hakuna anayewapigia kelele, sababu ni wa nyumbani." Akahema. "Na kuna mwingine anayekunywa bila kufungua mudomo. Anakunywa kidogo kidogo, kila jioni, na asubuhi muke wake anasema nilianguka. Ule bantu wanamuita Papa. Wanamupa kiti."

Teta alivua koti. Akakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, akaulaza mkono wake gotini, upande wa ndani juu, ngumi imelegezwa, ngozi imevutwa kidogo kwa kidole gumba cha mkono wa pili.

"Walivunja pembe zote?"

"Moja nilikuwa nayo mu kitenge." Mukabera akaitoa, ndogo, nyeusi, imelainika kwa miaka mingi. Aliuangalia mkono wa Teta ulivyolala, akamwangalia usoni. "Nani alikufundisha kuweka mukono vile?"

"Niumike, Koko. Bila wembe."

Bibi akauliza tena, Teta akausogeza mkono karibu. Basi akaweka pembe, akavuta kwa mdomo, mashavu yakaingia ndani, akaliziba tundu kwa nta kwa ncha ya ulimi. Ngozi ikapanda. Walikaa hivyo, simu ikaita.

Alikuwa daktari. Teta aliweka simu sikioni kwa mkono ulio huru.

"Tumefungua tumbo," daktari akasema. "Hakuna aliyekunywa damu ya huyu mwanamke. Damu yote imo. Imo tumboni, lita zaidi ya mbili. Bandama imepasuka. Na juu yake, ubavuni, kuna jeraha la kitu butu, pana kama ncha ya kiatu."

"Na chale?"

"Zilikatwa baada ya kufa. Muda wa saa moja hivi, pengine zaidi."

Mukabera aliinyofoa pembe. Kwenye mkono wa Teta palibaki duara, jekundu, limevimba pembeni, kamili kama mdomo wa kikombe.

"Itakaa siku ngapi?"

"Wiki. Siku kumi kama ngozi ni laini. Duara inapotea, chale zinabakia mpaka kaburini."

Teta akasimama na mkono wa shati ukiwa bado umekunjwa. "Twende, Koko. Utembee mbele yangu."

Umati ulihamia mbele ya nyumba ya Nshimiyimana, ambako walikuwa wamemletea kiti. Walipomwona bibi wakanguruma. Polisi wawili waliokuja na gari walisimama kila upande wake. Teta alisimama katikati ya uwanja, akasubiri. Hakupandisha sauti. Alisubiri hadi walipochoka, kisha wakalazimika kunyamaza ili wasikie.

"Nani ameumikwa na Mukabera wiki hii?"

Kisha mzee Karangwa, anayefungulia maji mifereji ya mpunga, akakohoa. "Mimi. Jumapili, siku ya Mungu. Lakini sitaki maneno."

"Vua shati, Mzee."

"Mbele ya bamama?"

"Wamekwisha kuona mengi leo."

Karangwa akavua, akageuka. Mgongoni mwake kulikuwa na maduara manne, ya zambarau, na ndani ya kila duara chale ndogo zilizoganda. Teta akainua mkono wake mwenyewe, duara jekundu likiwa juu.

"Pembe ikivuta, inaacha duara. Kila mara. Mmeona mgongo wa Emerance, wote mmeuona. Mliona duara?"

Watu wakatazamana.

"Mliona chale peke yake, kama mnavyoziona kwenye migongo ya mama zenu, miaka imepita, maduara yamefutika. Aliyezikata hajawahi kulala chini ya pembe. Alinakili kovu." Akafungua daftari, akauinua ukurasa wenye sahihi. "Kama hivi. Mafungu sita. Nani ameweka sahihi hapa, Nshimiyimana?"

Mwanaume alikuwa amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Kila muntu anajua zile chale..."

"Kila mtu aliyeumikwa anajua duara. Mirindi, sema."

Mirindi akasema. Alianza chini chini, akapanda. Alisema habari za bandama, za mkono wenye michubuko, za maneno aliyomwambia mume uani kwake, na jibu alilopewa. Alipomaliza, watu walikuwa wamesogea mbali na kile kiti.

"Damu ya Emerance haikunywewa na mtu," Teta akasema. "Daktari ameikuta yote ndani ya tumbo lake. Alipigwa teke hapa." Akagusa ubavu wake wa kushoto. "Na kwenye blauzi, hapahapa, kuna saruji iliyoshika maji ikawa ngumu. Buti ya kulia, Nshimiyimana. Matope gani yanachagua mguu mmoja?"

"Alitapika juu yake," Nshimiyimana akasema, haraka, kama anayejitetea kwa jambo dogo. "Teke moja tu, afande! Moja! Alitoka kwa ule mulozi analia, chakula haijaiva, nikamuambia... Moja tu! Muntu hafi na teke moja! Akalala. Nikarudi kumuangalia, akakuwa amekuwa mweupe, nikaogopa, nikasema watu watasema..."

"Ulijiuliza watu watasema nini, na jibu ulilijua," Teta akamkatiza. "Ulijua vizuri sana. Ulikata mgongo wa mkeo kwa wembe, ukampeleka penye mfereji, ili waje wamchome bibi. Na wakaja."

Polisi wakamfunga pingu. Nyiramana alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili. Teta akamwendea.

"Ukuta wenu ni mmoja, Maman."

"Afande..."

"Ni wa matope. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika."

"Ulisikia?"

Yule mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mto alijibu kwa sauti ambayo Teta mwenyewe alilazimika kuinama kuisikia. "Nilisikia. Nikaongeza redio."

"Na asubuhi ukawa wa kwanza kupiga kelele."

Nyiramana akaanza kulia. Teta hakumpa kitambaa. "Maelezo yako utayaandika leo. Lakini kabla ya hapo, mabati ya Mukabera yako uani kwako, nimeyaona. Uyabebe kichwani, moja moja, mbele ya watu wote, uyarudishe. Na wale wote walioyang'oa wabebe nawe."

Walibeba. Ilichukua muda wote wa alasiri. Misumari tu ndiyo iliyosikika. Gari lenye Nshimiyimana lilikwisha kuondoka kuelekea Kamembe. Teta alibaki, akaweka sahihi kwenye karatasi ya mwisho akiwa ameegemea ukuta wa nyumba ya bibi, kisha akamkuta Mukabera nyuma ya nyumba, akiokota vipande vya pembe na kuvipanga juu ya kitenge kana kwamba vingeweza kushikana.

"Nenda, mwanangu. Kazi yako imekwisha."

Teta hakwenda. Alichuchumaa, akaokota kipande kimoja, akakiweka pamoja na vingine. Duara la mkono wake lilikuwa limeanza kugeuka zambarau.

"Uliniuliza nani alinifundisha," akasema.

Bibi akaacha kupanga vipande.

"Koko yangu. Alikuwa anaumika watu, Bukavu, ku Kadutu. Watu wakaja kama walivyokuja kwako, na mawe. Yeye alikuwa amefunga mlango. Mimi nilikuwa nje, nina miaka saba. Mwanaume mmoja akainama, akaniuliza polepole, vizuri kabisa: Mtoto, ni kweli anakunywa?" Teta akakigeuza kile kipande cha pembe mkononi. "Niliogopa. Sijamwambia mtu yeyote hata leo. Nilisema ndiyo."